Saa Moja ya Mama Imerudi Hewani

Mama,

Nimeolewa! Najua huko uliko habari zimeshafika, lakini niache niseme mwenyewe: mimi ni mke wa Gaspa, wiki ya tatu leo, na bado akiniita "mke wangu" mbele za watu nageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Unakumbuka siku ya kwanza alipokuja hapa Malangali? Alikaa kwenye kochi la karibu na mlango, anatazama mpira kwenye simu kwa waifai yetu, anajifanya hana haraka ya kuniona. Ikafika saa moja kasoro dakika tano, taa ya sebuleni ikageuka njano kama mshumaa, vile ulivyoipangia. Saa moja kamili mtandao ukakata. Maskini, akawa anaitikisa simu! Ukamwambia, "Kijana, mtandao umekwenda kusali. Na wewe je?" Akapiga magoti palepale. Baadaye jikoni, unasonga ugali wa ulezi, ukaninong'oneza: "Huyu hakufuta vumbi kabla ya kupiga magoti. Mchukue."

Mama, nimemchukua!

Sasa nikueleze yaliyotupata. Siku tano baada ya harusi radi ilipiga. Unaijua radi ya Ufipa. Paa halikuguswa, ng'ombe hawakuguswa, ila ruta yako, kile kisanduku cha waifai, ilibaki inanuka plastiki iliyoungua. Majirani wakaanza kuulizana nani kaituma. Gaspa akasema, "Labda ni mtu aliyenyimwa neno la siri." Nilicheka, halafu jioni ikafika na kicheko kikaisha.

Mwaka mzima tangu tukuzike, saa yako ilikuwa inatupigisha magoti kila siku. Sasa hakukuwa na cha kukatika. Taa haikugeuka. Mimi na Gaspa tunaishi chumba cha uani mpaka nyumba yetu ya Mollo ipate bati, kwa hiyo niliyaona yote: Baba yuko nje kwenye kiti chake, rozari mfukoni, saa moja inapita kama saa nyingine yoyote. Nikamwita ndani tusali. Akasema, "Mama yako hajaita."



Gaspa akanunua ruta mpya. Kuiwasha si kazi. Lakini ratiba yako, ile taa, hata jina la mtandao, SALA KWANZA, vyote vimo kwenye programu ya nyumba uliyokuwa ukiiendesha kwa simu yako, na simu yako iliharibika zamani. Programu inamjua mwenye nyumba mmoja tu, wewe. Ikasema itatuma namba ya kuingilia kwenye laini yako. Laini ambayo Baba alituambia ameizika pamoja nawe! Tungeweza kufuta kila kitu na kupanga saa moja nyingine, ndiyo. Ila ingekuwa yetu. Isingekuwa yako.

Kidole changu kilikuwa juu ya "Futa yote" Baba alipoingia.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Akatoa simu yake ya kitochi kwenye koti, ile ya laini mbili. Hakuizika, Mama. Ameibeba laini yako mwaka mzima, anaiwekea vocha, na wateja wako wa maharage wa Milepa ambao hawana habari wakipiga, anawaambia umetoka kidogo. Hakunitazama. Alisema tu, "Nilishindwa."

Gaspa akabonyeza. Kitochi kikalia. Baba akavaa miwani, akazisoma namba sita, moja moja, kwa sauti ile anayosomea matendo ya rozari. Mimi naandika huku sioni vizuri. Ikakubali! Mama, ikakubali! Gaspa alininyanyua juu mpaka kitenge changu kikaanguka, mbele ya baba mkwe wake, wala hatukuona aibu!

Programu ikauliza kama tukuondoe kwenye orodha. Nikabonyeza "Hapana", nikajiandika chini yako.

Jioni ile taa ilipogeuka njano, Baba aliingia na kiti chake kabla hatujamwita. Saa moja kamili simu ya Gaspa ikaleta ujumbe: "Mtandao umesimamishwa na Mama." Baba akaomba aishike simu, akausoma mara mbili. Akasema, "Amerudi kazini," akacheka, kicheko cha kwanza tangu uondoke, na akapiga magoti.

Nyumba ya Mollo ikipata bati, nakuahidi, saa yako itakuwepo na huko, wala sitaisogeza hata dakika. Na mtoto wangu wa kwanza atakayenung'unika mtandao umekata, nitamwambia yaleyale uliyomwambia baba yake.

Lala salama, Mama yangu. Nilitaka kuendelea, nina mengi ya kumsifu huyu mume, lakini taa imegeuka njano. Gaspa ameshapiga magoti, na vumbi lote. Unatuita.

Mwanao,
Edita