Mkono Wako wa Kulia

Baba Vero,

Salamu za huku sijui kama zinafika uliko, ila nakusalimu hivyo hivyo, kwa mazoea. Sie wazima. Jumuiya walikuja kusali hapa Jumamosi, wakajaa mpaka uani. Ukuta uliokuwa unauegemea jioni umeshapigwa plasta. Hukuuona.

Nilikwenda parokiani kuandikisha nia ya misa yako. Nilipotaja jina, katekista akaniuliza, "Ndiye yule Zima Taa?" Nikasema ndiye. Akaweka kalamu chini, akaanza kunisimulia mimi mapambano ya mume wangu, na watu wamepanga foleni nyuma yangu.

Ndivyo ilivyo tangu uondoke, kila mtu anakupima. Juzi napita pale kijiweni kwa wauza kahawa, nasikia mmoja anasema Temeke haijawahi kutoa mtu mwenye ngumi nzito kama yako. Mwenzake akamjibu, "Ngumi alikuwa nayo, ufundi hana. Anasimama katikati ya ulingo kama mtu anayengoja umeme urudi." Wakacheka. Waliponiona, wote shikamoo mama, shikamoo mama. Nikaitikia nikapita. Ilinichoma, Baba Vero, lakini nilipofika nyumbani nikajiuliza: je, kama ni kweli?

Maana mimi ngumi yako sikuwahi kuiona. Siku ya pambano nilikuwa nafunga mlango nashika rozari. Mkono wako naujua ulivyorudi nao nyumbani tu. Naujua ulivyovimba, nikauloweka kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Naujua ulivyoshindwa kufunga vifungo vya shati la kanisani, ukasimama mbele yangu umeinua kidevu kama mtoto wa chekechea. Mtu wa kuangusha wanaume wenzake, na mende akipita unaniita mimi.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Vero anacheza ngumi. Alianza wakati unaumwa, akisema anakwenda mazoezi ya kupunguza mwili, na mimi nikaamini. Wiki moja baada ya Pasaka kocha akaja hapa nyumbani, akavua kofia, akasema, "Mama Vero, huyu binti ana mkono wa baba yake." Vero alikuwa amempiga mwenzake mazoezini, tena huyo amevaa kofia ya kujikinga, yule msichana wa watu akakaa chini anauliza leo siku gani. Kocha anataka ampandishe ulingoni sikukuu ya Idi, ila bila neno langu hamgusi. Hapo alinipa heshima, namshukuru.

Nikamwambia nitafikiri. Vero akanuna. Akaniambia, "Mama, mbona unaninyima kitu baba alichoniachia?" Ana haki ya kuuliza. Mtoto alikuuguza kumbukumbu zilipokupotea. Yeye ndiye uliyekuwa unamwita jina la dada yako. Yeye ndiye aliyekukuta umesimama mlangoni na ufunguo mkononi, hujui wa nini.

Nikasali, kisha nikaona niende kwa mtu aliyeionja ngumi hiyo. Nikaenda Keko kwa Athumani.

Usikunje uso. Najua ulimwangusha mara ya kwanza, na najua mara ya pili alikushinda kwa pointi ukarudi nyumbani unasema umepiga hewa jioni nzima. Siku hizi anatengeneza makochi barabarani pale. Mvi zimemjaa. Alinipangusia vumbi kwenye kochi lisilo na kitambaa bado, nikakaa, nikamuuliza: mume wangu alikuwa bondia wa namna gani?

Akasema, "Shemeji, mie nimepigwa na wengi. Wengine wakikupiga unasikia maumivu. Mumeo alinipiga sikusikia kitu. Nilipozinduka nilidhani niko kwangu, nikamuuliza refa chai iko wapi."

Nilicheka, Baba Vero. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nikamuuliza, na ufundi? Akashika randa yake, akaitazama. "Nikwambie ukweli, au nikwambie ya msibani?" Nikasema ukweli. Akasema miguu ulikuwa nayo mizito lakini moyo mkubwa, na macho ya kuona nafasi hakuna aliyekushinda. Ila mkono wa kushoto uliuacha chini. "Mtu anayejua ngumi yake moja inamaliza kazi haoni haja ya kujikinga," akasema. "Anakubali kula nne za kichwa ili atoe moja. Ile moja mji mzima tuliiona. Zile nne, shemeji, umeziona wewe peke yako."

Nililia pale kwenye kochi la watu. Fundi wa watu akageuka akaendelea kupiga randa mbao iliyokwisha kunyooka, mpaka nikamaliza.

Basi nikamwomba amfundishe Vero. Siyo kupiga, kupiga anajua. Amfundishe kukwepa, maana yeye ndiye pekee ninayemjua aliyewahi kuukwepa mkono huo. Akasema, "Marehemu akinisikia atafufuka." Lakini amekubali.

Siku ya kwanza Vero alirudi amevimba kwa hasira, nywele zimejaa unga wa mbao. "Mama, yule mzee hajaniruhusu hata kukunja ngumi. Amenifunga mikono nyuma, ananirushia vipande vya sponji ya makochi usoni, anasema nikwepe." Nikamuuliza, umekwepa? Akasema, "Nusu." Leo amekwenda tena bila kuambiwa. Na akifika hapa ananiigizia Athumani anavyoyumba, tunacheka wote wawili.

Kwa hiyo kwa kocha nimesema hapana, Idi hii hapana. Ameniambia tunamchelewesha mtoto. Nikamwambia acha achelewe.

Labda umekasirika kwamba nimempa mtoto wako kwa mtu wa upande ule. Nisamehe, lakini nimefikiri sana. Wale wa kijiweni wabishane wanavyotaka. Mimi nasema ulikuwa na mkono mmoja mkubwa kuliko yote niliyoijua, ukatulisha kwa huo, na hukupata mtu wa kukuinulia ule wa pili. Wa Vero tutauinua.

Nakuahidi hivi, mume wangu: hatapanda ulingoni kwa haraka ya mtu yeyote, mpaka Athumani mwenyewe aje hapa aniambie yuko tayari. Na asipokuja, sitamfuata.

Bwana akushike vizuri huko. Mwombe anipe uvumilivu, maana mtoto ana kichwa chako pia. Ukali wangu usikusumbue. Nataka huyu azeeke akijua jina langu.

Mkeo,
Mama Vero