Nimepanda Mwenyewe

Baba Wawira,

Watu wa Kiambere wamejua kwamba hupo tena. Leo ni siku ya nne tangu wajue, na siku zote nne sijafungua duka. Nimeketi hapa nyuma ya kaunta, mlango nimeuegesha tu, nakuandikia wewe kwa sababu mtu mwingine yeyote nitakayemweleza ataniuliza swali ambalo sina jibu lake.

Ngoja nianzie mwanzo. Ulichukia sana habari inayoanzia katikati.

Tulipokuzika mwezi wa pili, watu wa hapa Gachoka walijaa mpaka wakakanyaga kunde za jirani. Hao walikujua kwa sura. Walijua kofia yako na walijua unavyokohoa kabla ya kutaja bei. Lakini wa kule chini Kiambere wengi walikujua kwa karatasi tu, ile karatasi yako ya kila Ijumaa, ukurasa mmoja wa taipu uliochapishwa kwa stensili katika ofisi ya shule, bunda likafungwa kwa kamba ya katani na kupakiwa kwenye lori la mawe hadi kwenye mashine ya posho. Huko kila anayesubiri unga wake alichukua moja. Asiyejua kusoma alisomewa na wa pembeni.

Nakumbuka ulipoianza. Serikali ilikuwa imepunguza wafanyakazi, na wewe, mtu wa kilimo wa miaka mingi, ukarudi nyumbani na baiskeli moja na taipureta kuukuu. Tukafungua duka la mbegu. Hakuna aliyekuja. Watu walikuwa wameshauziwa sokoni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi ili yaonekane yametiwa dawa, kwa hiyo hawakuona kwa nini mbegu zako wewe Njeru ziwe tofauti. Ukasema, "Mama Wawira, hawa hawatafuti bei. Wanatafuta mtu wa kumwamini." Nikakujibu kwamba imani haipimwi kwa kilo. Ukacheka, ukaanza kugonga taipu kwa vidole viwili.

Sikuipenda ile karatasi, nikwambie ukweli sasa. Niliona unapoteza wino. Badala ya kusifu mali yetu, ukawa unaeleza namna ya kuhifadhi ndengu kwa majivu, jambo ambalo halimpeleki mtu dukani hata kidogo. Halafu kulikuwa na yale maneno yako mawili. Chini ya kila mbegu uliandika "Nimepanda mwenyewe", kisha ukataja mahali: Gachoka, nyuma ya duka, udongo mwekundu, mvua ilinyesha mara sita tu. Usipopanda uliandika wazi, "Hii sijapanda. Nimeambiwa." Nilikuuliza mtu gani mwenye akili atanunua mbegu ambayo mwenye duka mwenyewe ameambiwa tu.

Na ule mtama mweupe! Magunia mawili yamejaa kwenye pembe ya stoo, wewe unaandika, "Mtama mweupe niliowauzia umeliwa wote na ndege, hata wangu. Msinunue tena kwangu wala kwa mwingine." Siku hiyo nilikufokea mpaka sauti ikanikauka. Nikasema unafunga duka kwa mikono yako mwenyewe. Wiki iliyofuata walikuja watu ambao hatujawahi kuwaona, na wakanunua kila kitu isipokuwa mtama. Mzee mmoja akaniambia, "Huyu mtu yako hata akiniambia nikule mawe, nitauliza tu nichemshe aje." Ukanikonyeza ukiwa juu ya ngazi. Tulikula ule mtama sisi wenyewe mwaka mzima, uji asubuhi, ugali jioni, na hukunisikia nikilalamika tena kuhusu wino.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi niliketi kwenye taipureta. Naapa nilikaa pale ili niwaambie. Lakini kando ya mashine kulikuwa na barua tatu za wasomaji, na juu ya kila moja ulikuwa umeandika jibu kwa penseli. Moja ilitoka kwa Mama Igoki wa Kiambere, yule aliyekuwa anakuandikia karibu kila mwezi na hujawahi kumwona. Aliuliza kama mbaazi zake zikatwe au ziachwe. Wewe uliandika pembeni: aache, zitachipua. Nikaona nianze na majibu yako, maana watu walikuwa wanangoja. Ukurasa ukajaa. Mwishoni pakabaki nafasi ya sahihi, na mkono ukaiga sahihi yako, ile N kubwa yenye mkia. Nikajiambia ni wiki hii moja tu.

Unajua nilichohisi? Nilihisi uko. Sisemi kitu kingine. Kila Ijumaa nilipofika pale chini ya ukurasa na kuandika Njeru, ulikuwa umetoka kidogo na utarudi. Wawira aliniuliza mara moja tu, "Mami, kwani ni baba ameandika?" Nikamwambia akateke maji. Mtoto hakuuliza tena, na kule kutouliza kwake ndiko kunakoniumiza leo.

Mvua za mwezi wa tatu zilinikuta Kiirua kwa mama, kule juu kwenye baridi, alikuwa amesema nisikae peke yangu; Ijumaa tu nilikuwa nashuka Gachoka kupiga karatasi. Nilibeba maharagwe mapya, yale mekundu yenye madoa uliyoyaagiza na hukupata nafasi ya kuyajaribu. Nikayapanda kwa mama. Baba Wawira, yalizaa! Hujawahi kuona. Maganda yaligusa ardhi. Mama akasema hajapata kuchuma maharagwe kama hayo tangu aolewe. Nilirudi Gachoka nikiwa na furaha ya kwanza tangu uondoke, na mwezi wa tisa, kabla ya mvua, nikayaandikia ukurasa mzima. Sikusema uongo hata mahali pamoja. Nilisema yanakomaa haraka, yanaiva upesi jikoni, hayana wadudu. Chini nikaandika "Nimepanda mwenyewe".

Nikaishia hapo. Sikuandika mahali.

Nimejiuliza mara ngapi kwa nini sikuandika Kiirua. Jibu ni la aibu. Njeru hakuwa na shamba Kiirua. Njeru alipanda Gachoka, kila mtu alijua, na jina chini ya ukurasa lilikuwa la Njeru. Ningeandika Kiirua wangeuliza Njeru alifuata nini kwenye baridi. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, wa huzuni tu, lakini ndio uliotafuna lile neno moja ambalo lingewaokoa. Wewe ulikuwa unanitania, "Nyinyi watu wa baridi mnafikiri jua ni pambo." Ulikuwa unasema kweli. Mimi mtoto wa Kiirua, niliyelala na blanketi tatu, sikufikiria hata dakika moja joto la Kiambere linalifanyia nini ua la haragwe.

Walipanda. Walipanda kwa wingi, Baba Wawira. Mvua ilikuja vizuri, na hilo ndilo linaloniua, mvua haikuwakosea. Maharagwe yaliota yakapendeza, yakachanua, halafu jua likapiga juma moja na maua yote yakadondoka. Yakabaki majani. Mahali ambapo mtu angeweka ndengu zake na mawele yake, vitu vinavyopajua kule chini, aliweka maharagwe yangu kwa sababu karatasi ilisema. Sasa wanangoja mahindi ya msaada, na mvua nyingine ni mwezi wa tatu, ikija.

Jumatatu Mama Igoki alikuja. Sikumjua. Niliona mama mrefu mweusi, miguu ina vumbi mpaka magotini, ameshika ukurasa wa mwezi wa tisa umekunjwa mara nne. Alisalimia vizuri, akakaa kwenye gunia, akaomba maji. Nikajua maharagwe yameshaniletea mtu, nikaanza maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga, pole, hali ya hewa, nitampa ndengu za kupanda bila malipo. Akainua mkono.

"Mimi sijakuja juu ya maharagwe," akasema. "Mbegu ikikataa imekataa. Njeru alishatuambia hata yeye hukosea. Nimekuja nimwone, nimwambie asivunjike moyo, aandike tu vile huandikanga."

Alikuja kukufariji. Umesikia? Ametembea tangu alfajiri, shamba lake tupu, amekuja kukufariji wewe.

Nililia, na kwa kulia kwangu akaelewa. Hakupiga kelele. Aliufungua ule ukurasa na kuukunja tena, mara kadhaa. Kisha akasema, "Tulisikia. Watu wa lori walisema Njeru ameenda. Tukawaambia hapana, si karatasi imekuja? Tukagombana nao kabisa." Akanitazama. "Kwani ni nani alikuwa anatuandikia?"

Nikasema ni mimi.

"Na ile ya mbaazi zangu?"

Hiyo ilikuwa yako, nikamwambia, na ni kweli, lakini niliona usoni kwake kwamba haisaidii tena. Hakuna ukurasa atakaoujua ni wa nani. Nimemwibia hata zile ulizoandika wewe. Alisimama, akauweka ule ukurasa kwenye kaunta, na hakuchukua ndengu nilizompimia. Mlangoni alisema kwa Kimbeere, polepole ili nielewe mimi wa Kimeru, kwamba kama wangejua, angeniletea unga siku za matanga. Wote wangeleta. Wangekuja na lori zima.

Siku hiyo hiyo alipofika kwao alipeleka habari kwenye mashine ya posho. Jana dereva wa lori alinirudishia bunda la Ijumaa iliyopita, ambalo lori lilichelewa kulifikisha. Kamba ya katani haikuwa imefunguliwa.

Nina hasira na wewe pia, nisifiche. Uliwafanya watu waamini karatasi kuliko midomo ya majirani zao, halafu ukaniachia mimi. Hukunifundisha. Ulinicheka tu nilipolalamika. Kama ungeniketisha siku moja ukaniambia, Kagendo, jina la mahali ndilo duka lenyewe, pengine ningesikia. Pengine nisingesikia. Nilikuwa najua zaidi yako kila wakati, mpaka ulipoondoka.

Duka bado lina mbegu. Ndengu zako zipo, kunde zipo, zote nzuri, zote ulizipanda hapa nyuma kwa mkono wako. Hazina mnunuzi. Watu wa Gachoka wananisalimia na kupita. Mmoja alisukuma mlango akaingia, akaitazama mifuko, akauliza, "Na hizi nani alipanda?" Nikamwambia ni wewe. Akatabasamu kwa adabu, akatoka. Nimezunguka mifuko hii nikiitafutia neno la kuandika juu yake ambalo mtu ataliamini, na sijalipata. Sidhani lipo. Kitu ulichokijenga Ijumaa kwa Ijumaa kwa miaka mitano nimekimaliza kwa mstari mmoja, na sina miaka mingine mitano, wala sina uso wako, wala sina kile kikohozi chako cha kabla ya bei.

Usiniambie nijaribu tena. Najua ungesema hivyo. Sina nguvu hizo, na wao pia hawana mashamba ya kunijaribia.

Lakini wana haki ya kuambiwa na yuleyule aliyewaficha. Kwa hiyo nimenunua stensili moja. Ukurasa wa mwisho hautauza kitu. Nitaupiga taipu kesho asubuhi, na sitaufunga bunda. Nitashuka nao Kiambere mwenyewe, nisimame kwenye foleni ya posho, nimpe kila mtu wake mkononi, na atakayetaka kunitukana anikute hapo. Atakayetaka kukulilia nikae naye chini, maana nimewanyima matanga. Nitaanzia kwa Mama Igoki. Nikifika kwake sitaomba anisamehe, nitamwomba tu anionyeshe mahali pa kukaa.

Kuna jambo moja linaloniogopesha kuliko matusi yao. Huenda umeona kwamba hata katika barua hii nimelizunguka. Nimesema hupo, nimesema umeondoka, nimesema tulikuzika. Lile neno lenyewe sijaliandika popote tangu mwezi wa pili. Nilidhani nawaficha wao.

Kwaheri, mume wangu. Pumzika huko uliko, na mvua ikufikie kwa wakati wake. Nakuahidi jina lako halitaandikwa tena na mkono wangu chini ya ukurasa wowote. Litaandikwa mara moja tu, juu kabisa, mahali palipokuwa pa mbegu, na ngoja nilijaribu hapa kwanza ili kesho mkono usikosee, kwa maana stensili haifutiki.

Njeru amekufa.

Ni mimi,
Kagendo