Shamba la Irine

Kenyamonta, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Ryoba,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama miguu inamsumbua. Huko Robanda tembo bado wanamaliza mahindi?

Jana kwenye mkutano wa kijiji, wa kwanza tangu wanichague mwenyekiti, wanawake walisema wenyewe. Tumekubaliana mjane asinyang'anywe shamba. Mzee Nyangwine akasimama: "Na shamba la kwenu je?" Nikajibu palepale, la marehemu kaka Mwikwabe litabaki kwa mkewe Irine na watoto. Najua ulilitegemea. Lakini ningeanzia kwa nani, kama si kwetu?

Dada yako,
Agustina

Robanda, 2 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Mama nitamletea dawa ya kuchua.

Ungeniuliza kwanza. Miaka kumi na mmoja nafua mashuka ya watalii kambini, nikisema nitarudi kulima kwetu. Mzee Nyangwine alikuja hapa na wenzake. Anasema uongozi unakuchosha, upumzike. Nimewasikiliza.

Mdogo wako,
Ryoba

Kenyamonta, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa.

Nimeondolewa. Afisa alinisomea karatasi: eti nilizaliwa Kenya, si raia, sikustahili kugombea. Nikacheka. "Aliyeandika hivyo hanijui," nikamwambia. Akanigeuzia karatasi. Nikaona sahihi yako, ile R yenye mkia niliyokufundisha mwenyewe.

Mama aliuliza mbona nalia. Nimemwambia ni moshi.

Nimekata rufaa. Niandikie kwamba walikulazimisha. Nitaamini.

Dada yako,
Agustina

Robanda, 18 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Hawakunilazimisha. Waliniahidi shamba, nikasaini. Siku rufaa yako ikisikilizwa nitakuja, niseme mbele yao wote kwamba nilidanganya. Nisamehe.

Mdogo wako,
Ryoba

Kenyamonta, 30 Juni 2025

Ryoba,

Mama hajambo kidogo.

Rufaa ilisikilizwa tarehe kumi na mbili. Nilikaa karibu na mlango ili nikuone ukiingia. Walipofunga ofisi, rufaa ikiwa imetupwa, nikarudi nyumbani.

Jana wazee walimtoa Irine shambani. Nilimsindikiza hadi barabarani, mtoto mgongoni, wawili wamemshika khanga. Akaniambia, "Wifi, mimi nilikuamini."

Mahindi aliyopanda yamekomaa. Njoo uvune.

Agustina