Manivela Uliyomwachia Yaya Banza

Baba Ngoie, uliyeko Bukama,

Nimeambiwa na mke wa dereva wa treni kwamba huko ukikaa na watu wa maboti unasimulia jinsi mke wako alivyokuharibia gari na jina kwa siku moja. Umelisema wazi, nami nakujibu wazi. Barua hii sikuibandika gundi. Atakayeileta aisome, na atakayeipokea kabla yako aisome pia.

Nianze na siku ile gari lilipoingia uani kwetu, maana siku ile nilikupenda, sitakataa. Mzungu mmoja wa reli alikuwa anarudi kwao Ulaya, akakuachia gari lake kuukuu, jeusi, lenye umri kupita wa ndoa yetu. Ulilisugua kwa mafuta ya mawese mpaka nzi wakalifuata. Ulinipandisha mbele, ukanizungusha kambi nzima ya reli, ukipiga honi kwenye kila mlango wa karani mwenzako. Nilicheka hadi machozi. Nilifikiri nimeolewa na mwanamume mwenye furaha. Kumbe nilikuwa nimeolewa na mwanamume mwenye watazamaji.

Unakumbuka gari lilivyoanza kuchoka? Kwenye kamlima ka kutokea sokoni lilikohoa, likachemka, watoto wa shule wakatupita kwa miguu. Nilikuambia wakati wa cheche umesogea, moto unawaka kabla au baada ya saa yake. Sikubahatisha. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa atelie, ile karakana ya reli, na nyumbani alikuwa na injini ya lori aliyoifungua na kuifunga miaka yote ya usichana wangu. Mimi ndiye niliyemshikia spana. Wewe ulilijua hilo vizuri. Ulipokuja kuniposa ulilisifu mbele yake. Ukishanioa, likageuka kuwa jambo la aibu.

Jumamosi ile ukavaa kofia yako ya kazini, ukafungua boneti, ukaita majirani. Sijawahi kuona mtu anayeita watu waje kumtazama akifanya kitu asichokijua. Ulilegeza bolti ya kile kikombe kinachogawa moto kwa silinda, ukakizungusha kwa kiganja kama mtu anayefungua chupa ya haradali.

"Moto ikiwahi, nguvu inazidi," ukawaambia. "Iko wazi."

Nikasogea, nikakuambia polepole, sikioni, ili nisikuvunjie heshima: "Baba Ngoie, umeiwahisha sana. Itarudisha manivela."

Nawe ukajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Weye unajua nini ya motere? Enda ku jiko, bukari ya kusonga inakungoya." Halafu ukawageukia majirani: "Muone madamu injiniere!" Wakacheka. Makarani hucheka haraka sana.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lenyewe. Manivela, kile chuma cha kuzungushia injini iwake, hukuishika wewe. Ulimwita kaka yangu Banza, ambaye mimi na wewe tulimwita yaya kwa heshima ya ukubwa wake, aliyekuwa amepita tu kutusalimu akitoka kazini kwenye telegrafu. Ulimpa kile chuma mkononi, wewe ukaenda kukaa nyuma ya usukani na kofia yako. Yaya hajawahi kuwasha gari maishani. Aliinama, akazungusha mara moja. Injini ikapiga kinyume, manivela ikarudi kwa nguvu, na sisi sote tukasikia mfupa. Yaya alikaa chini kwenye vumbi, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akasema tu, "Shemeji, zima."

Zima nini? Halikuwa hata limewaka.

Ulimwambia muuguzi: "Aliikamata mubaya. Minyi nilimuambia." Ulirudia hayo kwa mchungaji, ukarudia kwa mkuu wako wa kazi, na Jumapili ukarudia nje ya kanisa, yaya akiwa amesimama pembeni yako na mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Ni kweli, alikuwa amelizungushia gumba lile chuma. Na nani alipaswa kumwambia asilizungushie gumba? Yaya alinyamaza kwa sababu wewe ni mume wa dada yake, na hakutaka nirudi nyumbani nikiwa na uso wa fedheha. Ulikiona kimya kile, Baba Ngoie, ukakitumia.

Jumatatu ulipokwenda ofisini nilitoa sanduku la vifaa vya baba yangu chini ya kitanda. Sikiliza sasa, maana hukuwahi kuuliza nilifanya nini. Nilitoa buji, ile plagi ya cheche, ya silinda ya kwanza, nikaziba tundu lake kwa gumba, nikamwomba jirani yetu Mama Kapinga azungushe manivela taratibu. Baba alikuwa akisema, "Tafuta kwanza pumuzi." Pumzi ilipokuja ikasukuma gumba langu, nilijua pistoni inapanda ikiwa imefunga hewa yake. Nikatumbukiza bua jembamba la nyasi, tukalitazama likipanda, likipanda, likasimama. Hapo juu ndipo mahali pake.

Kisha nikaweka karatasi nyembamba kati ya vile vidomo viwili vya chuma vinavyofunguka kutoa cheche. Nikazungusha kile kikombe chako cha maonyesho, kidogo kidogo, huku nikiivuta karatasi kwa vidole viwili. Ilikuwa imebanwa, imebanwa, na mara ikaachia. Nikafunga bolti papo hapo, nikarudisha buji. Nikashika manivela mwenyewe, gumba likiwa upande mmoja na vidole, nikavuta kwenda juu. Mara ya pili liliwaka. Mama Kapinga alipiga vigelegele, mimi nikakaa kwenye ngazi nikalia. Injini ilikuwa inanguruma polepole na sawasawa kama ile ya baba.

Nilipokuambia jioni, nilidhani utaona haya. Ulisema, "Vizuri." Neno moja. Na Jumapili iliyofuata ukaliendesha hadi kanisani, ukaliacha linanguruma mbele ya mlango ili kila mtu asikie. Mchungaji akakupongeza: "Kumbe Mungu alitupatia fundi mu kanisa!" Nawe ukainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ukasema kazi ilikuwa ngumu kidogo. Yaya alikuwa hatua tatu kutoka kwako.

Wanasema nilikuaibisha. Niliweka Biblia yangu juu ya kiti, nikazima gari, nikafungua boneti. Nikalegeza ile bolti kwa spana iliyokuwa mkobani mwangu, nikakizungusha kikombe mpaka nisijue mwenyewe kimeelekea wapi.

"Baba Ngoie," nikasema, "ni mikono yako njo ilitengeneza? Tengeneza tena, bantu baone."

Ulisema huna vifaa. Nikakupa spana. Ulisema umevaa nguo za kanisa. Mzee mmoja wa kwaya akakuvulia koti lake kuukuu. Uliinama juu ya injini ile muda mrefu sana, ukigusa hiki, ukigusa kile, jasho likidondoka kwenye nyaya, na watu wote wa kanisa wamesimama. Nilikuwa nakungoja. Ungenyanyuka na kusema, "Nilikosea, yaya, nisamehe," ningelifunga lile boneti mbele yao wote na kukushika mkono. Badala yake ulijifuta uso, ukasema gari limeshaharibiwa na mwanamke, ukaondoka kwa miguu. Wiki haikwisha ukaomba uhamisho.

Yaya hakufurahi. Alinisogelea akaniambia, "Ungemuacha, dada. Iko bwana yako." Mimi nikatoa karatasi, nikaanza upya palepale, naye akanishikia bua kwa mkono wake mzima.

Sikuandikii kwa majonzi. Nimekaa miezi mingi nikikutafutia heshima ndani ya moyo wangu, na sijaipata. Mtu akivunja mkono wa mwenzake kwa kutojua, huyo ni mtu. Anayeuvunja, akamlaumu mwenye mkono, akachukua sifa ya aliyerekebisha, akahama mji kwa sababu ya spana moja, huyo sijui nimwiteje, nami sina muda wa kutafuta jina.

Umeuliza kupitia mke wa dereva kama unaweza kurudi. Nyumba ina mlango, sikuuziba. Lakini ujue kiganja cha yaya kilipona kikiwa kigumu, hakiwezi tena kugonga telegrafu. Wamemweka dirisha la vifurushi, pale stesheni, kando ya mlango wa kutokea. Kila anayeshuka kwenye treni ya Bukama lazima apite mbele yake, na yeye husalimia kila mtu.

Upite hapo kwanza.

Mimi, dada ya Banza,
Mama Ngoie
Kamina