Hongera Zisizo na Bwana Harusi

Hasamba, 3 Aprili 2025

Mwanangu Restuta,

U hali gani huko Msangano, na ile homa imekuachia? Sisi wazima, kahawa imebeba vizuri. Ila baba yako nimechanganyikiwa. Jumapili kanisani nimepewa mikono mpaka bega likauma. "Hongera mzee, hatimaye!" Jirani yetu Sadoki ananiuliza mahari nitataja ng'ombe wangapi. Ng'ombe wa nini? Mama yako analia kwa furaha, ananiambia nisijifanye sijui. Mshenga sijamwona, kijana simjui, ukoo wake ndio kabisa. Ningekupigia simu, lakini masikio yangu unayajua. Niandikie: unaolewa na nani?

Baba yako

Msangano, 9 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Homa imeisha, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakaa chini. Baba, siolewi! Hata mchumba sina.

Nadhani nimejua kilichotokea. Watoto wangu wa darasa la kwanza walikuwa wanapokezana penseli, wengine wanaandika kwa kidole kwenye vumbi. Nikamwomba Lwitiko wa shangazi, yule wa Tunduma, anichangishie watu kwenye WhatsApp, nikamtumia na picha yangu. Kumbe yule mvivu hakufungua grupu jipya! Kachukua lile lile la harusi yake, kabadilisha jina tu: "Tumchangie Restuta." Habari ya madaftari kaiandika mara moja, ikafunikwa na vigelegele. Mimi huku nikashangaa watu walivyo wakarimu kwa mambo ya chaki. Madaftari nimeshanunua, watoto wameshaandika majina. Sasa nifanyeje, baba?

Mwanao, Restuta

Hasamba, 15 Aprili 2025

Restuta,

Salamu baadaye. Umenimaliza. Unajua mama yako aliuza nguruwe wake jike, akampa Lwitiko mchango kwa siri ili akushtukize? Nilipomsomea barua yako alienda kulala mchana kweupe na mabuti ya shamba miguuni. Watu wamechangia harusi, hawakuchangia penseli. Rudisha hayo madaftari dukani, kila mtu apewe chake. Mimi kanisani nitaingiaje? Nakupenda mwanangu, lakini aibu hii siiwezi.

Baba

Msangano, 22 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Poleni sana, wewe na mama. Habari ya nguruwe imeniliza.

Nilikutii. Niliwaambia watoto walete madaftari mezani. Wakaleta bila ubishi, yote yamevalishwa karatasi za mifuko ya saruji ili yasichafuke. Mmoja, Tumpale, akaniuliza kama amekosea hesabu ndiyo maana namnyang'anya. Jamani, baba! Nikashindwa. Nikawarudishia palepale. Nikasirikie mimi, lakini siyachukui tena. Jumapili nakuja. Nitasimama kanisani niseme kwa mdomo wangu, na anayetaka chake nitamlipa kwa mshahara, kidogo kidogo.

Mwanao, Restuta

Hasamba, 30 Aprili 2025

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama, na barabara haikukusumbua. Uliposimama pale mbele ukasema, "Siolewi, nimenunua madaftari," nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikajikuta nimesimama kando yako, wala sijui niliinuka saa ngapi. Wengine wameshadai chao, Sadoki wa kwanza. Wengine wananiuliza kama madaftari yametosha. Wote nawajibu sijui, na kweli sijui. Naona fahari, naona aibu, yote kwa pamoja.

Aliyenishinda ni mama yako. Tangu uondoke hajataja harusi wala nguruwe. Leo alfajiri kaoga, kavaa kitenge kipya alichonunua kwa ajili ya sherehe yako, kajaza mahindi mabichi kwenye kiroba. Anasema anaenda Msangano kuwaona hao watoto waliochukua harusi yake. Nikamuuliza, mama Restuta, unaenda kuwagombeza au kuwasalimia? Akasema hata yeye hajui, atajua akifika.

Barua hii nimempa yeye aibebe. Kwa hiyo unaposoma hapa, yuko mbele yako. Mwangalie usoni, kisha uniandikie, maana mimi nimeshindwa kumwelewa.

Baba yako