Habebwi Mtoto Huyu Bila Sabuni

Kijijini Ole, Jumatano. Mvua ya vuli haijakata tangu asubuhi. Karafuu zote zimeingizwa ndani, na nyumba nzima inanukia mpaka mito ya kulalia.

Leo nimemkatalia mtu mzima, mbele ya watu.

Wanaonijua hawatoamini. Miaka minne ya sekondari nilikuwa najua majibu na ninanyamaza, kwa kuogopa sauti yangu mwenyewe. Nimemaliza Kidato cha Nne, nasubiri matokeo, na nilidhani maisha yangu yataendelea kuwa ya kunyamaza.

Lakini dada yangu Salma amejifungua mtoto wa kike, na leo ni siku ya sita. Kitovu bado hakijaanguka. Mwaka jana alizaa wa kiume. Kitovu chake kilivimba, kikatoa usaha, na tulipomfikisha hospitali Wete tulikuwa tumeshachelewa. Tulimzika siku ya tisa.

Kwa hiyo safari hii nimeweka ndoo yenye bomba kwenye mlango wa chumba cha dada, na kipande cha sabuni ya mche juu ya kigoda. Anayetaka kumbeba mtoto ananawa kwanza. Dada alikubali. Mama alisema nitawatia aibu, ila ndoo hakuitoa.

Haya niliyapata kwa mwalimu wetu wa Baiolojia. Alitusimulia habari za daktari mmoja wa Ulaya, zamani, katika hospitali iliyokuwa na wodi mbili za wazazi. Moja walizalisha wakunga, nyingine madaktari na wanafunzi wao. Wazazi waliokuwa mikononi mwa madaktari ndio waliokufa zaidi kwa homa. Yule daktari akang'amua kwamba wenzake walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka.

Klorini aliichagua kwa sababu iliondoa harufu ya maiti mikononi. Alipatia bila kujua sababu yenyewe. Vijidudu vilikuwa vimeshaonwa zamani na mfanyabiashara wa vitambaa, aliyejisagia mwenyewe vioo vya kukuzia akachungulia maji na utando wa meno yake. Watu walivistaajabia, basi. Hakuna aliyevihusisha na mzazi anayekufa kwa homa.

Nilidhani yule daktari alishukuriwa na wenzake. Kumbe wengi walimkasirikia. Kwa nini, sikuelewa mpaka leo.

Baada ya adhuhuri alikuja Bi Mize, dada yake marehemu bibi yangu. Ndiye mkunga wetu. Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake. Alipeana mikono na wanawake wote waliokuwa ukumbini, kisha akaja kumchukua mtoto. Nikasimama mlangoni.

"Bibi, niwie radhi. Kwanza maji na sabuni."

"Nimetoka kusali, mjukuu wangu. Nna udhu."

"Udhu wa sala, bibi. Toka hapo umechambua karafuu, umeshika na mikono ya watu."

Akanisogezea viganja puani. "Hebu nusa. Karafuu tupu. Mdudu gani atakaa humu?"

Wanawake wakacheka. Jirani yetu akasema, "Mpisheni daktari, ingawa matokeo hajayaona bado."

Nilitamani kukimbilia jikoni. Isitoshe, aliyoyasema Bi Mize nami niliyaamini siku zote. Hapa kwetu mkono unaonukia karafuu huhesabiwa ni mkono safi. Jino likiuma tunatia mafuta yake, na yanasaidia. Lakini karafuu zile zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka wanapopita kuku, na mkono unaweza kunukia vizuri na bado ukawa na kinyesi cha kuku.

Sikuondoka mlangoni.

Bi Mize akaacha kucheka. Akanitazama, akasema polepole, "Kwa hivyo wasema ni miye niliyemuua yule wa kwanza."

Hapo ndipo nilipowaelewa wale madaktari. Kunawa kulikuwa kukiri kwamba mikono yao ndiyo iliyoua.

"Sijui, bibi," nikasema. "Nami nilimbeba. Siku ile nilitoka kuanua karafuu, nikamchukua vivyo hivyo. Huenda ni mimi."

Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu. Mwaka mzima nimekuwa nalo kifuani, nikimwona dada akikunja vile vinguo vidogo na kuvirudisha sandukuni.

Nilisikia dada akilia chumbani. Bi Mize naye machozi yalimtoka. Alivuta mtandio wake akatoka kwenye mvua, hakunawa na hakumbeba mtoto. Mama akamfuata na mwavuli. Aliporudi alisema neno moja tu: niende kesho asubuhi nikamwombe radhi, kabla ya akika.

Nitakwenda. Nimemliza mtu mzima mbele ya watu, na ana haki ya kuombwa radhi. Nitambusu mkono. Nitamwambia sijui nani aliyemtia maradhi yule mtoto, na kwamba si yeye wala mimi atakayejua. Nitamwomba aje amshike huyu kabla ya wengine wote, akishanawa.

Hilo la kunawa halipungui hata akilia tena. Hata nami nikilia.

Kesho ni siku ya saba. Mtoto atanyolewa, na wembe nitauchemsha mwenyewe. Nyumba itajaa. Atakuja sheha, kiongozi wetu wa hapa, watakuja mashangazi wa Msuka, na yule jirani mwenye maneno hatokosa. Nitakaa mlangoni. Nitamwamkia kila mmoja kwa adabu na kumwonyesha bomba lilipo. Sauti ikitaka kutetemeka, itetemeke.

Na wenye kunichukia wanichukie, huku wakijikausha mikono.