Ukurasa Wako wa Chanjo na Kadi ya Kabura

S.L.P. 61,
Wamagana, Nyeri.
20 Septemba 1999

Mpendwa Gatimu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila baridi ya Julai ilimwachia baba yako maumivu ya goti, na viazi havikufanya vizuri. Wewe je, kifua kimepona huko Uingereza? Unapika, au bado unakula mikate tu?

Sasa niache nikugombeze kidogo, maana nimevumilia vya kutosha. Huo ukurasa wako wa intaneti wa chanjo za zahanati yetu umenichosha.

Uliandika kwa furaha kwamba umefunguliwa mara mia tatu. Na nani? Hapa ameuona mtu mmoja, Mwalimu Kingori, na ilibidi aende mpaka Nyeri mjini akangoje nusu saa ile picha yako ya Mlima Kenya itokee kwenye kompyuta kidogo kidogo. Picha ya mlima, Gatimu. Mlima sisi tunauona tukifungua mlango. Tulichotaka ni siku ya chanjo, nawe umeiweka chini kabisa, tena kwa Kiingereza.

Mwalimu akauchapisha akatuletea. Kamati ya zahanati ikaona maendeleo yamefika. Karatasi ikabandikwa mlangoni na kwenye kituo cha kununulia majani chai, na tangazo la kanisani likaachwa, ati mambo sasa ni ya kisasa. Siku ya chanjo ya surua tulitarajia watoto sitini. Walikuja ishirini na watatu, na nesi akakaa na sindano zake mpaka saa tisa. Wanakamati wakasema akina mama ni wavivu. Nami nilisema hivyo hivyo, siwezi kukuficha.

Mwezi wa nane surua ikaingia ng'ambo ya mto, ikavuka hadi kwetu. Wamae, mtoto wa jirani yetu Kabura, yule mchuma chai, alilazwa wiki mbili. Amerudi, namshukuru Mungu, lakini jicho la kushoto limeingia ukungu na daktari hasemi kama litapona.

Nilimwendea Kabura nimekasirika, nikamwuliza kwa nini hakuja. Alijibu akiendelea kuchambua mboga, bila kuniangalia: "Nilisomewa hiyo karatasi. Ilisema lazima ukuje na kadi. Yangu ilinyeshewa ikaisha. Sasa ningekuja unigombeze mbele ya watu?"

Nimezunguka nyumba nyingine nane. Sita wamenipa jibu hilo hilo.

Nilirudi nikashika kalamu nikufokee vizuri kwa sentensi hiyo ya kadi. Kisha nikakumbuka ilikotoka. Mwezi wa nne uliniomba niwaulize akina mama ni nini huwazuia kuja. Sikumwuliza hata mmoja. Nilikaa hapa mezani nikajijibu mwenyewe, nikakuandikia: waambie ni lazima waje na kadi. Nesi haihitaji, ana daftari lake. Anayeandika kadi mpya pale zahanati ni mimi, na nilikuwa nimechoka kuziandika. Kabura alikuwa ananiogopa mimi.

Chanjo nyingine ni tarehe 13 Oktoba. Ondoa mlima. Weka tarehe juu, kwa Kiswahili na Kikuyu, herufi kubwa, Mwalimu atauchapisha tena. La kanisani nitalitangaza mwenyewe. Na pale penye sentensi yangu andika hivi: "Mama, kama kadi imepotea, njoo hivyo hivyo. Ngendo atakuandikia nyingine na hatakuuliza kitu." Jina langu usilitoe. Nataka walione, na nataka Kabura asomewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baba yako na mama yako wanakusalimu, na rafiki yako Shiku wa Kiganjo anasema umemsahau. Mungu akuzungushie mkono wake katika baridi hiyo na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi tata, shangazi yako, nikupendaye hata nikifoka,
Ngendo